Chupa za mvinyo zisifukiwe, Dodoma ijifunze kupuliza kioo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi vioo hapa Majengo, Dodoma, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 31. Wiki iliyopita msomaji mmoja aliandika kwamba chupa za mvinyo na za pombe kali zimezidi mjini, kwamba chupa haiozi, na kwa hiyo halmashauri ichimbe mashimo makubwa nje ya mji ikazifukie huko. Kwamba chupa haiozi, amesema kweli tupu. Habari ya kuzifukia ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Nianze na kilichonipata. Mwezi wa pili mjukuu wangu wa miaka saba alishuka korongoni nyuma ya nyumba kufuata mpira, akapanda analia, kisigino kimefunguka. Alishonwa nyuzi sita. Kuna baa jirani ambayo humwaga chupa zake pale usiku. Kesho yake nilishuka na ndoo na glavu za kazi, nikaokota mpaka jua likawa kali. Zilikuwemo za kijani za mvinyo, za kahawia, na nyeupe za pombe kali. Za bia na soda zilikuwa chache kwa sababu zile zina kreti na hurudi zilikotoka. Chupa ya mvinyo haina pa kurudi. Wachache huzitia asali au karanga za kukaanga wakauze barabarani, zinazobaki ndizo hizo za korongoni.

Nilipoinama kuokota kipande cha mwisho nilichota na mchanga wake, ule mchanga wa korongo tunaojengea nyumba zetu zote hapa Dodoma. Nikakaa nao mkononi kwa muda, kipande na mchanga pamoja. Kwa fundi vioo, vile ni vitu vya ukoo mmoja, na hilo ndilo ninaloomba wasomaji walijue kabla hatujachimba shimo lolote.

Wateja wangu wengi hudhani kioo ni jiwe linalochimbwa mahali fulani, au ni plastiki ngumu. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa. Katika kila kilo 100 za kioo cha dirisha, zaidi ya kilo 70 ni silika, yaani ile chembe ngumu inayong'aa ndani ya mchanga. Lakini silika peke yake haiyeyuki mpaka ifike joto la nyuzi 1,700 hivi, na moto wa namna hiyo si wa kuchezea. Ndipo watu wa kale wakagundua kwamba ukichanganya mchanga na magadi, unayeyuka kwa moto mdogo zaidi. Ndiyo, magadi, ndugu zanguni. Haya haya ambayo bibi yangu kule Mvumi alikuwa akitia kwenye mlenda ili uvutike na kulainika. Wamisri na Warumi waliyachota kwenye bonde la jangwani huko Misri, na sisi tuna Ziwa Natron lenye kubeba jina la kitu hicho hicho. Majirani zetu wa Kenya wana Ziwa Magadi, ambako kampuni ya kuyachimba ilianza mwaka 1911, na kazi kubwa ya magadi hayo duniani ni kutengeneza kioo. Mchanga na magadi vikiwa viwili tu, kioo chake huyeyuka kwenye maji. Kwa hiyo huongezwa chokaa, nacho kinasimama imara. Mchanga, magadi, chokaa. Hakuna kitu kati ya hivyo ambacho mtoto wa Ugogo hajawahi kukishika.

Rangi ya kijani nayo si ya kupaka. Kioo cha kawaida huwa na ukijani kwa sababu mchanga una chuma kidogo ndani yake. Tazama dirisha lako kwa upande wa ukingo utauona. Chupa ya mvinyo huongezewa ukijani huo makusudi ili mwanga usiharibu kinywaji. Bluu ile nzito hutokana na kobalti, tena kidogo sana.

Sasa tabia yake. Sisi mafundi tunasema tunakata kioo, lakini kwa kweli hatukikati. Nakilaza mezani juu ya blanketi, nachovya kigurudumu cha kikatio kwenye mafuta ya taa, naweka rula, navuta mara moja tu kutoka ukingo hadi ukingo. Sikio ndilo linalokuambia: ukisikia mlio mwembamba, sawasawa, kama karatasi inayochanika mbali, mstari umekubali. Ukisikia mkwaruzo wa kurukaruka, hapo kuna sehemu haikushika. Usirudie juu ya mstari ule ule, kijana wangu wa kazi nimemkataza tangu siku ya kwanza, maana kurudia kunaharibu ukingo na kikatio pia. Halafu naweka msumari mwembamba chini ya mstari, nabonyeza pande zote mbili kwa viganja, na kioo kinaachia chenyewe. Mbao ina nyuzi na jiwe lina tabaka, vinapasuka vinakotaka vyenyewe. Kioo hakina nyuzi wala tabaka. Kinapoyeyuka na kupoa, chembe zake hubaki zimetawanyika bila mpangilio, kama zilivyokuwa kwenye uji wa moto, zikakamatwa hapo hapo. Ndiyo maana ufa unakwenda popote mkono ulipouonyesha njia.

Kutokana na hilo watu wengi wameshawishika kwamba kioo bado ni kimiminika na kwamba madirisha ya zamani ni manene chini kwa sababu kioo kimeshuka taratibu. Nimeulizwa jambo hilo mara nyingi dukani. Si kweli. Kioo kikishapoa hakitiririki, hata kikikaa miaka elfu. Vioo vya zamani vilikuwa na unene usiolingana tangu vilipotengenezwa, kwa sababu navyo vilipulizwa kwa mdomo: fundi alipuliza tungi refu, wakakata ncha zake mbili, wakalipasua ubavuni, wakalirudisha motoni lifunguke na kulala kama mkeka. Kioo kilichonyooka tunachouza leo kilikuja baada ya Alastair Pilkington wa Uingereza na wenzake kutumia miaka mingi ya 1950 kujaribu kumwaga kioo cha moto juu ya bati iliyoyeyushwa (si bati la kuezekea, ni ile madini yenyewe) kikaelea juu yake na kujisawazisha. Walitangaza kwamba wamefanikiwa mwaka 1959. Lakini zama zile za kupuliza, dirisha na chupa walikuwa ndugu wa pumzi moja.

Mwaka 2009 nilijaribu mwenyewe. Nilikwenda kwa mhunzi mmoja rafiki yangu, tukawasha mkaa na mashine ya kupulizia upepo, nikaweka chupa ya kijani kwenye ncha ya bomba la chuma. Ikaanza kung'aa nyekundu, kisha ya machungwa, ikalegea kama asali ya baridi. Nilipuliza. Ilivimba upande mmoja, nikaizungusha, ikavimba upande wa pili, na kwa dakika kama mbili nilikuwa na kitu mkononi chenye umbo la boga dogo. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nikakiweka juu ya saruji kipoe. Tulikuwa tumekaa tunakitazama kilipolia "ta!" na kuwa vipande, hakuna aliyekigusa.

Nilihuzunika siku nyingi, baadaye nikaelewa. Kioo cha moto kikipoa haraka, ngozi ya nje inakauka wakati tumbo bado ni la moto. Tumbo likianza kupoa linataka kusinyaa, ngozi inakataa, na mvutano huo hubaki umefungwa ndani mpaka upate pa kutokea. Kwa sababu hiyo kila chombo kilichopulizwa huingizwa kwenye tanuru la pili, la joto la nyuzi 500 hivi, kipumzike humo na kushushwa taratibu kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Wenye viwanda wanajua pia kuutumia mvutano huo kwa faida: vioo vya pembeni vya gari hupozwa ghafla kwa upepo kwa kipimo, ndipo vikivunjika humwagika punjepunje badala ya kuchoma watu kama visu. Mimi nilikosa mtu wa kuniambia neno moja tu, kwamba kipoze taratibu. Mkaa, chupa na mhunzi vyote nilikuwa navyo.

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo, Mhariri. Katika historia ya kioo, mchanga haukuwa tatizo kubwa. Waliokosa kioo walikosa mtu anayejua.

Wamisri zaidi ya miaka 3,300 iliyopita walikuwa na kioo, lakini walikizungushia juu ya udongo uliofinyangwa kisha wakautoa udongo kwa kuuchokoa. Kichupa kimoja cha manukato kilikuwa mali ya wafalme. Kupuliza kulikuja baadaye, upande wa Shamu na Palestina, miaka kama 50 kabla ya Kristo. Ushahidi wa zamani sana umepatikana Jerusalem, na umepatikana ndani ya takataka za karakana: mirija ya kioo iliyobanwa ncha moja na vichupa vilivyopulizwa kutoka kwenye mirija hiyo. Baada ya hapo chombo kilichokuwa kikichukua siku nzima kikawa kazi ya dakika chache. Mwandishi Strabo, aliyeishi zama zile, aliandika kwamba Roma ungeweza kununua kikombe cha kioo kwa sarafu ya shaba. Mpaka mkulima akanywea kioo.

Watu wa Venice, Italia, nao, mwaka 1291, waliamuru matanuru yote ya kioo yahamie kisiwa cha Murano. Sababu moja ilikuwa kuogopa moto mjini. Lakini mafundi wale walikatazwa pia kuhama na kwenda kufundisha ng'ambo. Walichokilinda zaidi wakubwa wa Venice ni mikono ya watu. Ufaransa ilipotaka kutengeneza vioo vya kujitazamia, mwaka 1665, haikutuma meli kuchukua mchanga Murano. Iliwashawishi mafundi wa huko wahamie kwao.

Na asiniambie mtu kwamba ujuzi huu si wa Waafrika weusi. Ile-Ife, Nigeria, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta karakana za kioo za kati ya karne ya 11 na ya 15. Wazee wale walitengeneza kioo kutokana na mchanga na mawe ya kwao wenyewe, kwa mchanganyiko ambao haufanani na wa Ulaya wala wa Waarabu, wakatoa shanga za bluu zilizosafiri mbali Afrika Magharibi.

Sisi hapa Ugogo kioo kilitufikia kama shanga. Misafara ya pwani iliyokuwa ikienda Tabora na Ujiji ilipita hapa, na kwa kuwa maji yalikuwa ya shida na visima vilikuwa na wenyewe, watemi walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, ikilipwa kwa nguo na shanga. Burton, msafiri Mwingereza aliyepita mwaka 1857, aliorodhesha majina ya shanga hizo, na moja iliyopendwa sana ni samesame, nyekundu nje na nyeupe ndani. Wengine waliiita kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoipenda.

Bibi yangu alikuwa na mkufu wa shanga kama hizo. Nilikuwa mdogo, nimekaa mapajani pake, uzi ukakatika na shanga moja ikaangukia kwenye jiwe la kusagia ikapasuka. Nilishangaa sana kuona ndani ni nyeupe kama jino. Bibi hakunigombeza. Aliviokota vipande vyote viwili, akavifunga kwenye pindo la kaniki yake. Nilikuwa fundi mtu mzima nilipojifunza jinsi shanga za aina ile zilivyotengenezwa Venice: fundi huchota donge la kioo na kuliwekea pumzi katikati, mwenzake hushika upande wa pili kwa chuma chake, kisha hukimbia, mmoja huku na mwingine kule, donge linavutika kuwa mrija mrefu mwembamba wenye tundu. Mrija hukatwakatwa. Kumbe tundu la shanga ya bibi, lile uzi ulilopita, lilikuwa pumzi ya mtu.

Nisichukue nafasi yote ya gazeti. Niseme nilichokiona Arusha, kwa sababu ndicho kilichonipa ujasiri wa kuandika.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kwa shughuli za ndoa nikapitia karakana ya kioo iitwayo Shanga, ambako mafundi wengi ni watu wenye ulemavu na kioo wanachopuliza kinatokana na chupa zilizotumika. Nilisimama pale kwa muda wa saa tatu, shemeji zangu wakaniacha. Fundi mmoja, kiziwi, alichovya bomba lake tanurini kama mtu anayechota asali kwa kijiti, akatoka na donge jeupe kwa moto, haachi kulizungusha hata nukta moja, maana akiacha litaanguka. Alilibiringisha juu ya sahani ya chuma, akapuliza pumzi fupi, akaziba bomba kwa kidole. Pumzi iliyofungiwa ilipata joto ikatanuka yenyewe, na donge likavimba bila mtu kupuliza! Kisha akaketi kwenye benchi lenye mikono miwili, akawa analiviringisha bomba kwa kiganja cha kushoto na kulifinyanga donge kwa kulia. Na mkono huo wa kulia ulikuwa umeshika nini? Gazeti. Gazeti lililokunjwa mara nyingi na kuloweshwa maji, likitoa moshi na mvuke, kati ya kiganja chake na moto wa nyuzi karibu elfu moja. Mwenzake akaleta fimbo ya chuma yenye tone la kioo cha moto, wakaibandika kitakoni mwa chombo, wakagonga shingo, chombo kikahama kutoka bomba hadi fimbo, mdomo ukafunguliwa kwa koleo. Yote hayo bila neno, kwa macho na ishara za vidole. Kilikuwa jagi. Wakaliingiza kwenye tanuru la kupumzishia na kufunga mlango.

Chupa ile ile inayomkata mjukuu wangu. Kioo hakichoki, unaweza kukiyeyusha mara mia na kikabaki kioo kile kile, na kuyeyusha vipande kunakula moto mdogo kuliko kuanza na mchanga. Kukifukia ni kufukia kitu ambacho kazi yake ngumu kuliko zote imeshafanyika.

Najua pa kupingwa. Kwanza, watasema kiwanda cha chupa kipo Dar es Salaam, zipelekwe huko. Ziende, hasa zikipondwa, maana chupa nzima tupu hujaza lori hewa kwa safari ya kilomita 450. Lakini hata tukiponda, kijana wa Dodoma hatajifunza kitu zaidi ya kuponda. Pili, tanuru la kioo ni gharama, haliwashwi asubuhi likazimwa jioni, huwaka mchana na usiku. Ni kweli. Lakini karakana ndogo inaweza kuwa na tanuru dogo, na matanuru ya namna hiyo huweza kuchomwa kwa gesi au hata oili chafu, ambayo gereji zetu huimwaga ardhini. Tatu, chupa haziwezi kuchanganywa ovyo. Hapo nakubali kabisa na ninasisitiza: kioo cha dirisha, cha chupa na vile vyombo vya kuokea havitanuki sawa, ukivichanganya chombo kitapasuka kama kilivyopasuka changu. Lazima zitengwe, zioshwe, vifuniko na lebo vitoke. Kazi hiyo wapo akina mama na vijana wanaookota chupa za plastiki kila siku ambao wangeifanya kama ingelipwa.

Ninachoomba ni kidogo. VETA, wenye vyuo vya ufundi stadi, wanafundisha uashi, uchomeleaji na ushonaji. Wapelekwe vijana wawili au watatu wa Dodoma wakajifunze kwa mafundi wa Arusha, kwa miaka na si kwa semina ya siku tatu, kwa maana mkono haujui kuzungusha bomba kwa kusomewa. Wakirudi wajengewe tanuru moja. Wenye viwanda vya mvinyo, ambao zabibu za Hombolo, Mpunguzi na Makutupora zinawapa mavuno mara mbili kwa mwaka, wachangie, kwa sababu chupa ni zao. Leo mgeni anakuja makao makuu ya nchi anakunywa mvinyo wa Dodoma kwenye glasi iliyotoka ng'ambo, na chupa yake tunaitupa korongoni.

Mimi umri umekwenda, mapafu yangu hayatoshi tena kwa kazi hiyo. Lakini zile chupa nilizookota, na nyingine nilizoendelea kuokota tangu mwezi wa pili, nimezitoa lebo, nimeziosha na kuzitenga kwa rangi: magunia mawili ya kijani, moja la kahawia, nusu gunia la nyeupe. Ziko nyuma ya karakana yangu zimefunikwa turubai. Atakayekuwa wa kwanza kuwasha tanuru Dodoma aje azichukue bure, nami nitamsaidia kubeba.

Fundi Vioo,
Majengo, Dodoma
(Jina limehifadhiwa)